Nibaki wakili wa kesi zote, au nijikite kwenye kesi za ajira?

SWALI
Shikamooni wakubwa. Nina ofisi yangu na karani mmoja. Tangu niapishwe napokea kila jalada: ardhi, talaka, mirathi, mikataba. Asubuhi naishia korido za mahakama nikisubiri shauri ambalo mwishowe linaahirishwa. Hoja za maandishi naandika usiku, watoto wameshalala. Wateja wanapiga simu hata Jumapili. Mume wangu hasemi kitu, na ukimya huo unaniumiza kuliko lawama. Mashauri ya ajira ndiyo ninayoyapenda na kuyamudu. Nikibaki na hayo tu, ofisi itaishi?

JIBU 1
Marahaba, wakili. Kabla ya kuamua uache nini, jua muda wako unaliwa na nini. Kwa mwezi mzima andika kila kazi kwa vipande vya dakika 6, sehemu ya kumi ya saa, kama wafanyavyo wanaotoza kwa saa, hata kama wewe unatoza ada ya jumla. Reginald Heber Smith, aliyeongoza msaada wa kisheria kwa maskini mjini Boston mwanzoni mwa karne ya 20, alitaka mawakili waandike muda wao ili ajue kila shauri linagharimu nini. Nawe fanya kwa sababu hiyo hiyo. Huenda ukakuta jalada moja la mirathi, ndugu hawapatani, limemeza saa nyingi kuliko mashauri kadhaa ya ajira kwa ada ile ile. Anza kuacha ya namna hiyo. Yaliyopo yamalize, mapya ya ardhi mpelekee mwenzako anayeyaweza, naye atakuletea ya ajira.

Kwenye kalenda, ukomo wa muda, yaani siku ya mwisho kisheria ya kufungua shauri, uingie kwanza, pamoja na tarehe ya tahadhari kabla yake, na karani awe na nakala. Ukomo ukipita, haki ya mteja inaweza kupotea kabisa. Wasiwasi wa mteja unastahili heshima, ila unaweza kungoja Jumatatu. Wengi hupiga simu kwa sababu hawaambiwi kitu. Kila shauri likitajwa, mtumie ujumbe siku hiyo hiyo, hata kama ni kumwambia limeahirishwa tu.

JIBU 2
Kwa sisi wa jinai hilo la Jumatatu halipo. Mtu akikamatwa usiku, anachosema kabla hujafika ndicho kitakachosomwa mahakamani. Mimi na mwenzangu tunapokezana wikendi: mmoja simu iko wazi, mwingine yuko na familia yake kweli kweli. Dada, tafuta hata wakili mmoja wa kushikiana naye mikono.

JIBU 3
Usidharau uchovu huo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliowahusu mawakili karibu 13,000, ulikuta asilimia 28 wana dalili za sonona, na takriban mmoja kati ya watano ana tatizo la unywaji pombe. Na mumeo muulize wewe. Usisubiri aanze.

MUULIZAJI
Asanteni sana. Daftari la dakika naanza kesho, na mume wangu nazungumza naye leo. Jibu 1, nikimpelekea mwenzangu jalada la ardhi ambalo mteja ameshalipa nusu ya ada, hesabu inakwendaje?

JIBU 1
Mteja akubali kwanza, kwa maandishi. Kisha ada ya kazi ambayo hujaifanya mrudishie yeye, amlipe wakili mpya mwenyewe.