Kabati limepinda, mteja anataka pesa zote: naomba ushauri

Ndugu zangu, nina ateliye ndogo ya useremala hapa Kadutu, Bukavu, na vijana wawili. Nilimtengenezea mama mmoja kabati la mbao za libuyu. Muuzaji aliniapia mbao zimekauka, lakini nilipopiga randa, maranda yalitoka na unyevu, yakanishika vidoleni. Nikaendelea tu, maana avansi yote, pesa aliyonitangulizia mama, ilikuwa imeishia kwenye hizo mbao. Sasa milango imepinda, haifungi, na mama anadai dola 180 zote. Nimemwomba nibadilishe milango, amekataa. Inaniuma sana, ni kazi ya mikono yangu.

Nimrudishie kidogo kidogo ao nisisitize kutengeneza? Na ninyi mnaopanga mbao kivulini na vijiti katikati ili zikauke, kwa mvua hizi za Bukavu mnangoja miezi mingapi?