Madogo wa Fomula 4 (mbio za magari za chipukizi wanaoitafuta Fomula 1) wanafuata nini Dubai na New Zealand Januari?

Wakuu wa Chuga, hivi kwa nini hawa madogo hawapumziki msimu ukiisha, wanakimbilia viligi vya wiki chache tu?

Jibu: Mkuu, Januari Ulaya baridi kali, tairi hazishiki moto, sasa dogo akikaa bila gari mpaka machipuko anapoa, huko anapiga mbio mfululizo kila wikiendi na anaokota pointi za leseni ya Fomula 1, yaani kibali cha kuendesha huko. Angalia waliofika Fomula 1: Lando Norris alibeba taji la New Zealand 2016, Liam Lawson 2019.

Jibu: Kimi Antonelli, naye alifika Fomula 1, 2023 alichukua Fomula Regional (ngazi inayofuata baada ya Fomula 4) ya Mashariki ya Kati, akaenda akabeba na ya Ulaya mwaka huohuo. Ila hela wanayomwaga ni balaa, dogo wa Sakina hapa Arusha mwenye kipaji aanzie wapi jamani? Inaniuma kweli. Tupiganie hata kiwanja cha gokati.