Kashfa ukurasa wa kwanza, masahihisho chini ya matangazo ya vifo. Hadi lini?

Wadau, magazeti yetu yamezidi. Mwalimu mkuu wa Busia au mwenye duka la dawa Kakamega anapakwa matope kwa herufi nene, picha yake imejaa safu tatu. Uongo ukishajulikana, wiki tatu baadaye inatoka mistari miwili imebanwa chini ya matangazo ya vifo: "Habari tuliyochapisha Jumanne haikuwa sahihi. Twasikitika kwa usumbufu uliotokea." Habari gani? Ukweli ni upi? Kimya. Waliomnyooshea kidole sokoni hawatajua kamwe kwamba walidanganywa.

Makosa yenyewe yana asili yake. Mwandishi wa mashinani hulipwa kwa habari iliyochapishwa, si kwa siku alizochimba. Anapiga simu moja, isiposhikwa anaandika "juhudi za kumfikia hazikufua dafu", basi. Kichwa nacho haandiki yeye. Kinaandikwa Nairobi, na neno "anadaiwa" linakatwa ili kitoshe kwenye safu. Neno hilo likiondoka, tuhuma imekuwa hukumu.

Na sheria ipo jamani! Kifungu cha 35(2) cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo zinazomhusu. Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya 2013 imeweka Tume ya Malalamiko, yenye uwezo wa kuamuru gazeti liombe radhi na lisahihishe, na kutoza faini isiyozidi shilingi 500,000 kwa kampuni na 100,000 kwa mwandishi. Kwa kampuni kubwa hizo ni pesa za matangazo ya siku moja.

Ukichafuliwa, weka gazeti zima, usikate kipande: tarehe, ukurasa na ukubwa wa kichwa ni ushahidi. Ya mtandaoni ipige picha mara moja, maana hubadilisha kichwa kimyakimya. Mwandikie mhariri kwanza, kisha Tume. "Nimeharibiwa jina" haitoshi. Nukuu sentensi, weka ukweli wake na kielelezo chini yake, eleza umepata hasara gani na unataka nini. Taja ukurasa na ukubwa unaotaka, la sivyo utatupwa kule chini kwa marehemu. Na uangalie kalenda: kesi ya kuchafuliwa jina mahakamani una miezi 12 tu ya kuifungua, wasikumalizie muda kwa barua za "tunalishughulikia".

Uingereza wana IPSO, shirika la kusimamia maadili ya magazeti, tangu 2014. Inalaumiwa sana kwa kulipiwa na magazeti yenyewe, na lawama hiyo ni ya haki, lakini ina mamlaka ya kuamua masahihisho yaseme nini na yakae wapi. Tume yetu nayo iandike hivyo katika kila uamuzi: ukurasa uleule, ukubwa uleule, siku ileile ya wiki.

Mwenye uamuzi wa Tume uliotekelezwa hivyo na gazeti lolote, auweke hapa tuusome.