Amana ya bibi na amana ya benki ni neno moja?

BintiPangani: Wadau, naomba kueleweshwa. Marehemu bibi aliniachia bangili mbili za fedha, kazifunga kwenye kipande cha kanga. Akaniambia, "Hii amana, si zawadi. Mpelekee mwenyewe." Mwenyewe ni shoga yake. Juzi nimekwenda benki nikapewa fomu ya "amana ya muda maalumu", miezi 6, na faida juu. Bangili sithubutu hata kuzijaribu mkononi, benki pesa zangu inazizungusha. Neno hili limetoka wapi?

Fundi_Ilala: Amana ndiyo dhamana, dada. Limeongezwa "dh" tu.

MwalimuMstaafu: Hapana Fundi, tusipotoshane. Yote ni ya Kiarabu, lakini ukoo mbalimbali. Amana shina lake ni herufi za Kiarabu alifu, mimu, nuni. Ndugu zake ni amini, imani, amani, mwaminifu. Dhamana inaanza na herufi dhadi, iko na dhamini na mdhamini.

Tofauti utaiona kitu kikipotea. Masheikh walitufundisha hivi: aliyewekewa amana akiibiwa pasipo uzembe wake, halipi. Mwenye dhamana analipa. Ndiyo maana anayekudhamini mahakamani husaini bondi. Ukitoroka, anabanwa yeye.

Baba yangu alikuwa na duka, na wavuvi wa dago, yaani wa kambi ya uvuvi, wakimwachia fedha zao. Kila mmoja na kitambaa chake, na fundo lake. Siku moja tulikosa chenji nikataka kufungua fundo moja, nirudishie jioni. Alinishika mkono. "Ukiitumia imeshakuwa deni." Binti, jibu lako limo humo. Benki haikuwekei noti zile zile, inazitumia, na wewe unaidai. Kifikihi, yaani kwa sheria ya Kiislamu, huo ni mkopo, ingawa fomu imeandikwa amana, na mimi linaniuma neno zito namna hiyo kupewa kazi nyingine.

BintiPangani: Shikamoo mwalimu, nimeelewa. Na mwenyewe akiwa amefariki?

MwalimuMstaafu: Marahaba. Wapewe warithi wake. Usizibadilishe, hata kitambaa usikibadilishe.

BintiPangani: Nimeuliza nyumbani, yu hai, yuko Mkokotoni, Unguja, kwa mwanawe. Bahari ikitulia navuka. Fundo sijalifungua.