Mapipa 11 yako nyuma yangu, mashine inasema sifuri. Halafu mimi ndiye mjinga?

Bandugu, leo mnivumilie, nimechoka kweli.

Niko Lubumbashi, natunza depo ya kampuni moja ya malori ya barabara ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia. Asubuhi dereva kaja kuomba lita 5 za oili ya injini. Mapipa 11 yamesimama nyuma yangu, nayagusa kwa mkono. Mashine, yaani kompyuta yenye mfumo wa kuhesabu stoku: sifuri. Na bila boni, ile karatasi ya kutoa mali inayotoka kwenye mashine, mlinzi hafungui mlango. Lori likakaa hapo mpaka saa nane.

Oili tunainunua kwa pipa la lita 200, tunaitoa kwa lita. Vijana wa informatike, watu wa kompyuta, waliandika kipimo kimoja tu, pipa. Nikitoa lita 5, mashine inafuta pipa zima!

Nikampigia simu mmoja wao. “Papa, wewe ndiye hujui kutumia mfumo.” Miaka 14 niko ndani ya depo hii. Huyo mtoto ofisi yake iko ghorofa ya juu hapo hapo, na hajakanyaga kwangu hata siku moja.

Kinachoniuma, ndani ya mfumo kuna mahali pa kuandika kwamba pipa 1 ni lita 200. Rafiki yangu wa Likasi ndivyo walivyofanya kwao, kabla ya kuanza. Kwetu mali imeshaingia na kutoka, basi kipimo kimefungwa. Inabidi stoku ishushwe mpaka sifuri, kifunguliwe kitu kipya chenye namba yake, kwa kila oili, kila grisi, kila waya unaokatwa kwa mita. Nani atahesabu? Mimi, Jumapili.

Na wakubwa wetu wasijifiche. Kwenye mikutano ya matayarisho ya mfumo huu walimtuma stajieri, kijana wa mafunzo ya kazi, eti watu wa depo wana kazi nyingi. Mimi niliitwa siku ya mwisho, nikaonyeshwa kwenye mashine matairi, taa na betri, vitu vya kuhesabu kimoja kimoja, nikapewa karatasi nisaini. Nikasaini, ndiyo. Sasa karatasi hiyo ndiyo wanayonipepea usoni.



Nimerudia daftari langu, kwa siri, maana limekatazwa. Humu kuna anayezijua mashine hizi? Namba mpya ikifunguliwa, historia ya ile ya zamani inabaki au inapotea? Hapa kila nikiuliza naambiwa “fungua tiketi”, yaani niandike ombi la msaada. Niliifungua wiki tatu zilizopita. Imeandikwa “imetatuliwa”.