Chuo kimeondoa wapiga piano na kutuachia spika: malalamiko yangu kuhusu shahada ya tamthilia za muziki

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kueleza kwa mpangilio. Niko mwaka wa tatu na wa mwisho wa shahada ya tamthilia za muziki katika chuo kikuu kimoja kaskazini mwa Uingereza, ambacho sitakitaja kwa kuwa malalamiko yangu rasmi bado yako mezani kwao. Kozi hii humfundisha mtu kuigiza, kuimba na kucheza kwa pamoja, na maelezo niliyotumiwa Unguja kabla sijalipa hata senti yaliahidi kwa maandishi kwamba kila mwanafunzi atapata somo lake la sauti kila wiki, yeye, mwalimu na mpiga piano. Mwaka wa kwanza ahadi ilitimizwa. Mwaka wa pili wapiga piano wote watatu hawakuongezewa mikataba, na tangu hapo tunaimba kwa kufuata rekodi inayotoka kwenye spika ndogo iliyounganishwa na kompyuta ya mwalimu.

Asiyeijua kazi hii atauliza kama rekodi nayo si muziki. Katika tamthilia hizi kuna vipimo, yaani vipande vifupi vya muziki vyenye idadi maalumu ya mapigo, ambavyo bendi huvirudia chini ya mazungumzo mpaka mwigizaji afike kwenye neno fulani, ndipo kiongozi wa muziki awaingize kwenye wimbo. Wenyewe huviita vampu. Kuna sehemu nyingine zimeandikwa kwa Kitaliano, colla voce, yaani mpigaji amfuate mwimbaji. Rekodi haimngojei wala haimfuati mtu.

Novemba iliyopita, siku ya mtihani wa vitendo, mwenzangu alitakiwa kufungua barua jukwaani kabla ya kuimba. Aliyeandaa bahasha alikuwa ameibandika gundi kweli kweli. Muziki ukarudia mara nne kama ulivyorekodiwa, kisha ukaingia kwenye ubeti huku yeye bado anachana karatasi kwa kucha, akaukimbilia wimbo akiwa nyuma kwa mstari mzima. Maksi zilikatwa, na kwenye fomu ya tathmini pakaandikwa kwamba hakuusikiliza muziki. Nauliza, kati yake na ile kompyuta, ni nani hakumsikiliza mwenzake?

Mimi nimekulia kwenye taarab, na huenda ndiyo sababu jambo hili linaniuma kuliko wenzangu. Nadi Ikhwan Safaa ilianzishwa Zanzibar mwaka 1905, na mpaka leo, katika vikundi vya mtindo ule, mtu akiinuka kwenda kumtuza mwimbaji, na mwimbaji akachelewa kidogo kwa kupokea noti na kutabasamu, fidla na kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, humsubiri bila kuukata mwendo hadi arudi kwenye ubeti. Hiyo ni vampu kamili, na hakuna aliyeilipia ada.

Madhara yake niliyaona mwenyewe London, kwenye usaili wa kazi ya baada ya kuhitimu. Tulipewa vipimo 16 kila mmoja. Unaingia, unampa mpiga piano karatasi zako, unamwonyesha unapoanzia na unapokatia, unampigia mwendo kwa kidole, kisha unasimama katikati ya chumba. Ni kazi ya nusu dakika, nami nilikuwa sijaifanya kwa zaidi ya mwaka. Kwa woga nikagonga kidole kwa kasi, na yule bwana, ambaye hana kosa lolote, akapiga kwa kasi ileile niliyompa, nikameza maneno hadi mwisho. Nilishukuriwa kwa adabu na kuonyeshwa mlango.

Msiniambie nitafute bendi ya mtaani nijifunzie huko. Viza ya mwanafunzi hapa hairuhusu kuajiriwa kama msanii wa burudani, kwa hiyo mahali pangu halali pa kuizoea piano hai ni chuoni. Mwenzangu Mwingereza anaweza kutozwa hadi pauni 9,535 kwa mwaka huu wa masomo wa 2025/26, ndicho kikomo kilichowekwa na serikali. Sisi tuliotoka nje hatuna kikomo, na ada yangu imepanda mwaka uleule wapiga piano walipoondolewa. Piano mbili bado zipo darasani, zimefungwa kwa kufuli, na moja tunaiwekea makoti.

Jibu la idara lilikuwa barua ya kurasa mbili inayosema kwamba rekodi zinatuandaa kwa mazingira ya kisasa ya kazi. Mazingira yapi? Tamthilia kubwa za London huonyeshwa mara 8 kwa wiki, na kwa nyingi kati ya hizo wapigaji wako pale pale shimoni mbele ya jukwaa.

Ninachodai ni mpiga piano kwa masomo ya sauti yaliyobaki, bendi hata ya watu watatu kwa onyesho letu la mwisho, na kurejeshewa sehemu ya ada ya miaka hii miwili. Chuo kikinipa barua ya kufunga taratibu zake za ndani, nitakuwa na miezi 12 ya kulifikisha shauri kwenye ofisi huru inayosikiliza malalamiko ya wanafunzi wa vyuo vikuu vya Uingereza na Wales. Kama kuna mwanajukwaa aliyewahi kufika huko, naomba anieleze aliambatanisha vielelezo gani. Onyesho letu ni Mei, na kwenye ratiba iliyobandikwa jana, mbele ya neno “muziki”, pameandikwa “rekodi”.