Mjadala: Je, sheria iwalazimishe watengenezaji kuhakikisha kufuli na taa za nyumbani zinafanya kazi bila seva zao?

Hoja ninayoileta haihusu kama nyumba ijiendeshe yenyewe au la, kwani hilo kila mwenye nyumba ataliamua kwa mfuko wake. Ninachotaka kijadiliwe ni kama mtengenezaji aruhusiwe kuuza kufuli na swichi za kielektroniki zisizotii amri ya mwenye nyumba mpaka amri hiyo ipite kwanza, kwa intaneti, kwenye seva za kampuni, yaani kompyuta zake zilizo mbali. Msimamo wangu ni kwamba asiruhusiwe.

Faida za kuunganisha vifaa hivi na mfumo wa ulinzi sizikatai. Kitambuzi cha moshi kikilia usiku wa manane, mfumo uliopangwa vizuri huwasha taa za njiani, huzima feni inayosambaza moshi na kufungua kufuli za milango ya kutokea kabla aliyelala hajajua kuna nini. Na wenyeji wanaposafiri, taa huwaka na kuzimika kwa nyakati zisizotabirika. Lakini hakuna hata moja kati ya kazi hizo inayohitaji ruhusa kutoka nje ya nyumba. Kifaa kikuu kilichomo ndani kinaweza kuwasiliana na kufuli na taa kwa mawimbi ya redio ya masafa mafupi, kama Zigbee au Z-Wave, na kiwango cha Matter, kilichotolewa mwaka 2022, kiliundwa ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane ndani ya mtandao wa nyumbani. Uwezo upo. Kinachokosekana, kwa maoni yangu, ni hamu ya kuutumia, kwa kuwa mteja anayeitegemea seva ni rahisi kumtoza ada ya kila mwezi.

Madhara yake yameshaonekana. Mwaka 2016 huduma iliyokuwa ikiendesha Revolv, kifaa kikuu cha kuongoza vifaa vya nyumbani, ilizimwa na kampuni iliyokuwa imeinunua, na vifaa vizima vikabaki mapambo. Mwaka 2017 kampuni ya LockState ilituma sasisho lenye kasoro lililoharibu mamia ya kufuli zake, zikawa hazirekebishiki kwa mbali. Aliyekuwa na ufunguo wa chuma ndiye aliyeingia. Aprili 2022 seva za Insteon, kampuni ya swichi na taa za nyumbani, zilizimwa bila wateja kuarifiwa, ingawa swichi zilizokuwa zikiwasiliana moja kwa moja ziliendelea kuwasha taa, jambo ambalo kwangu ni ushahidi tosha.

Wanaopinga husema kifaa kilichotengwa na seva hakipati masasisho, hivyo huwa mlango wa wadukuzi. Hoja hii ina uzito, lakini inachanganya mambo mawili: masasisho yaendelee kuja kwa intaneti, ila amri ya kufungua mlango isiisubiri seva. Isitoshe, Mirai, programu hasidi iliyoteka kamera na vifaa vingine vingi mwaka 2016, iliingia kwa nywila za kiwandani ambazo hazikubadilishwa. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 sheria ya Uingereza inakataza nywila rahisi za namna hiyo na kumtaka mtengenezaji atangaze atatoa masasisho ya usalama kwa muda gani. Ikiwa sheria imeweza kuingilia nywila, sioni kwa nini ishindwe kwenye kufuli. Hoja ya kwamba bei itapanda naiacha, kwa sababu hata kununua upya vifaa vilivyozimwa ni gharama.

Pingamizi ninaloliona gumu ni lingine. Mwenye akaunti anaweza kuwafungia nje mwenzi wake au wazazi wake, au kuwazimia taa akiwa mbali, na kuuhamishia uendeshaji ndani ya nyumba hakumpunguzii mamlaka hayo. Pengine humwongezea, maana hakuna kampuni ya kulalamikiwa. Pendekezo langu ni kwamba kila kufuli ifunguke kwa mkono kutoka ndani, kila taa ibaki na swichi ukutani isiyoweza kuzuiwa na programu, na kila mkazi aliye mtu mzima aweze kuona nani alitoa amri gani. Je, wenye shaka na sheria hii wanaona masharti hayo yanatosha kumlinda asiye na akaunti, au wanayo mengine?